Gema limeporomoka saa nne asubuhi, bahari shwari, maji yamekupwa. Hii imekaaje?

#1 Mtoto wa Gando

Assalaam alaykum wana jamvi. Naomba wajuzi mnisaidie maana huku kila mtu ana lake.

Sisi tuko Pemba, upande wa magharibi, Wete huko. Nyumba aliyotuachia marehemu babu iko juu ya gema, chini ni pwani. Zamani kutoka ukuta wa jiko hadi ukingoni kulikuwa na minazi mitatu imefuatana, mie nilikuwa nnaukwea ule wa katikati, leo umebaki mmoja tu na umeinamia baharini kama unataka kunywa maji.

Sasa Jumanne saa nne asubuhi mama anapara samaki nje, akasikia kishindo kama gunia la karafuu limetupwa kutoka kwenye gari. Kugeuka, uwa wa nyuma haupo. Kipande kama hatua kumi na mbili kwa tano kimeshuka na banda la mbuzi, mpapai na kamba ya kuanikia nguo. Ajabu yake hakikusambaratika, kimeteremka kizima kizima kama mtu alokaa kitako. Mbuzi mmoja alikuwa juu yake, tukamkuta kule chini anakula majani ya mpapai, wala hana habari.

Kinachonishinda ni hiki: mvua haijanyesha wiki mbili, upepo hakuna, na maji yalikuwa yamekupwa mpaka watu wako mbali huko wanachokoa pweza. Bahari imelila vipi gema hata haijaligusa? Mzee mmoja wa mtaani anasema bahari inapanda duniani kote, ami yangu anasema tumekosa adabu kwa wenyewe wa pale, jirani anawalaumu wachimba mchanga. Nyie mwasemaje?

#2 Mzuka wa Darajani

Poleni sana. Huyo mbuzi msimchinje, ana bahati kuliko nyie.

#3 chumvi_kidogo

Nafuatilia. Na kwetu Mkoani kuna pahala kama hapo.

#4 Bamvua

Waalaykum salaam. Hilo jambo jepesi sana yakhe. Bahari haili kwa siku moja, inakula kidogo kidogo chini, juu hamuoni. Mie ni mtu wa Kendwa, kwetu mwamba wote umeliwa chini umebaki kama kibaraza, ukipita wakati wa kupwa unapita chini ya jiwe limekuning'inia kichwani. Mfano mzuri ni ule mwamba wa Pingwe wenye mkahawa juu, utazame chini yake ulivyoliwa, ndio uyoga mtupu. Sasa uyoga ukizidi kichwa shina likiwa jembamba, unaanguka siku yoyote. Hauchagui siku ya dhoruba. Wimbi lilishafanya kazi yake miaka iliopita, Jumanne ilikuwa siku ya kulipwa tu.

#5 Mchokoapweza

Nakubaliana na Bamvua lakini msiwasahau wadudu. Mie nimekulia Micheweni kwenye mawe, sio wimbi peke yake. Ukikaa chini ya kile kibaraza na tochi utaona mwamba mzima umetobolewa. Kuna chaza wembamba wanaishi ndani ya jiwe lenyewe, kuna vile vikonokono vinavyong'ang'ania ukitaka kukibandua mpaka utie kisu, vinakula ukoga na kila vikila vinakwangua jiwe pamoja. Nimewahi kuvunja kipande kwa nyundo, ndani kina vishimo kama mkate wa kumimina. Jiwe la namna hio lina nguvu gani tena?

#6 Jiwe Hai

Ngojeni kwanza. Bamvua na Mchokoapweza mnasema kweli, ila mnaeleza gema lenu, sio lake. Nyie mnazungumzia mawe ya matumbawe. Kwa jiwe hilo kasi ya kuliwa pale chini kwenye nchi za joto ni kama milimita 1 kwa mwaka, ndio hesabu inayotajwa sana, na likianguka linaanguka vipande vipande, mabonge kama kabati. Mleta uzi kasema kimeteremka KIZIMA na mpapai umesimama. Jiwe haliteremki hivyo.

Gando, nijibu matatu: udongo wa gema rangi gani juu na chini, kuna pahala maji yanachuruzika, na huo mpapai sasa umeinamia wapi, baharini au nyumbani?

#7 Mzuka wa Darajani

Tumeshapata daktari. Mgonjwa toa ulimi.

#8 Mtoto wa Gando

Hahaha. Nimeshuka leo asubuhi na ndara mkononi kukutazamia.

Juu ni udongo mwekundu wa kichanga, ule wa mikarafuu. Urefu kama mtu wawili. Chini yake kuna tabaka la kijivu linalokwenda kwenye ubuluu hivi, linateleza kama sabuni, watoto huchimba hapo wakafinyanga vijisahani vya kuchezea. Baina ya hayo mawili ndio kuna maji yanatoka, sio mengi, yanalia tu kama jasho la mtungi, na ukionja ni matamu sio chumvi. Hata mama yangu utotoni alikuwa akiteka pale. Na mpapai, nimeshangaa kidogo, umeinama kurudi NYUMBANI. Mie nilidhani ungeinamia baharini kama ule mnazi.

#9 Jiwe Hai

Basi hapo ndipo penyewe.

Pemba sio jiwe tupu kama mashariki ya Unguja. Ukiondoa pembeni pembeni na vile visiwa kama Misali, ndani ya Pemba kuna matabaka ya mchanga, udongo wa mfinyanzi na chokaa laini, ni ya zamani kuliko matumbawe ya pwani kwa mamilioni ya miaka. Stockley aliyaandika hayo kwenye ripoti yake ya jiolojia ya Zanzibar mwaka 1928, sio habari ya jana.

Mvua ya masika inaingia kwenye ule wekundu kwa urahisi maana ni mchanga, ikifika kwenye ule wa kijivu inakwama, haupitishi. Kwahio yanakaa hapo yanajikusanya, yanatafuta njia ya pembeni mpaka kwenye uso wa gema, ndio hilo jasho la mtungi uliloliona. Maji yakijaa baina ya chembe za udongo yanazitenga, zinaacha kushikana. Mzigo wa juu uko pale pale, ila kinachoushikilia kimepungua. Unateleza.

Tena hauteleiz moja kwa moja, unazunguka kama mtu anaelala kwenye kiti cha uvivu, miguu inakwenda mbele mgongo unarudi nyuma. Ndio mana mpapai umeinamia nyumbani. Lingekuwa bonge la kuanguka tu ungeinamia baharini au usingekuwepo.

Na wiki mbili bila mvua si hoja. Maji hayo yanatembea polepole, mvua ya mwisho wa masika inaweza kuwa ndio kwanza inafika chini.

#10 Jiwe Hai

*hautelezi. Simu.

#11 Mpemba Ughaibuni

Maashaallah, uzi mtamu. Jiwe Hai kanikumbusha huku Uingereza. Kusini, pwani baina ya Axmouth na Lyme Regis, usiku wa tarehe 24 Disemba 1839 liliteleza eneo kubwa la mashamba, likashuka zima zima na konde zake juu, nyuma yake pakabaki bonde refu la kutisha. Juu mawe ya chaki na mchanga yanapitisha maji, chini udongo mzito usiopitisha, na mwaka ule mvua zilikuwa nyingi. Yaani mambo yale yale ya Gando. Ngano iliokuwa juu ya kile kipande iliendelea kuota, 1840 ikavunwa na watu wakaja kutazama kama wanakwenda harusini. Wajuzi wawili wa wakati ule, Conybeare na Buckland, walikwenda wakapima na kuandika.

Kwahio mbuzi wako anaekula mpapai, hadithi yake ina wenzake.

Huku huku kuna pahala panaitwa Holderness, gema la udongo, linaliwa karibu mita 2 kwa mwaka na vijiji kadhaa vimeshakwenda na maji tangu zama za kale. Mie nilipelekwa na rafiki kutazama, barabara ya lami inakwenda, inakwenda, halafu hakuna. Imekatwa kama mkate.

#12 Bamvua

Sawa Jiwe Hai, nimekubali udongo sio jiwe. Lakini hukunijibu, kwanini maji YAMEKUPWA? Kama ni maji ya ndani tu lingeanguka saa yoyote. Mie nina yangu kwa hilo, ntarudi jioni, sasa hivi niko kazini.

#13 Nahodha Mstaafu

Vijana mnasoma sana mnasahau mchanga. Mimi nimetembea pwani hio ya Wete na Gando na jahazi kabla wengi wenu hamjazaliwa. Chini ya magema yale kulikuwa na mchanga mwingi, jahazi tunalipandisha kwa magogo tunalikalafati pale pale, maji ya kujaa yakifika yanakufa kwenye mchanga hayagusi udongo. Mchanga ndio mlinzi. Leo nenda, unakanyaga tope na mawe. Umekwenda wapi? Umejenga nyumba. Gari ya ng'ombe moja moja, usiku, miaka ishirini thalathini. Ukiutoa mchanga chini ya gema ni kama umemtoa mtu kiti alokalia.

Na msinambie pepo. Kusi na kaskazi zilikuwepo tangu dunia kuumbwa, kusi inaondoa mchanga huku inaweka kule, kaskazi inarudisha. Lakini inarudisha kilichopo. Kilichokuwa ukutani kwa mtu hakirudi.

Hata kile kimbunga kikubwa cha 1872 kilichovunja mikarafuu yote ya Unguja na Pemba, gema lilibaki.

#14 Mpemba Ughaibuni

Shikamoo nahodha. Kwa mchanga nakuunga mkono ila kimbunga cha Aprili 1872 kiliipiga Unguja, Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Ndio mana baada ya hapo karafuu nyingi zikawa zinatoka Pemba mpaka leo.

#15 Nahodha Mstaafu

Marahaba. Basi tumenusurika, na gema likanusurika. Hoja yangu iko pale pale.

#16 fundi_karo

Mimi fundi wa vyoo na makaro, samahani kwa waliomo mezani. Nyote mmetaja maji ya mvua, hakuna alouliza maji ya nyumba. Mleta uzi, karo lenu liko wapi? Na mabomba je? Maana nimeshaitwa mara tatu kwenye nyumba za ukingoni, kila nikifika nakuta karo halijajengwa chini, ni shimo tu la mawe makavu, maji yote yanaingia ardhini. Familia ya watu saba au wanane inamwaga ndoo ngapi kwa siku? Masika yanakuja na kuondoka, karo linanyesha mwaka mzima. Nyumba moja bomba lilikuwa linavuja chini ya sakafu miezi, mwenye nyumba anafurahi mgomba wake unastawi kiangazi, kumbe ndio anajimwagia kaburi.

#17 Mtoto wa Gando

Fundi umenigusa pabaya. Karo liko nyuma ya jiko, sasa hivi kutoka ukingo mpya ni hatua sita. Tulilichimba 2016 tulipoacha choo cha zamani. Shimo la mawe makavu hivyo hivyo ulivyosema, chini wazi. Fundi wetu wakati ule alituambia "ardhi hii nzuri inakunywa maji". Tukafurahi.

Lakini babu alikuwa hana karo na minazi miwili ya mwanzo ilikwenda uhai wake. Kwahio sio karo peke yake, au nnajitetea?

#18 Mzuka wa Darajani

Unajitetea.

#19 mkazi wa Bara

Wakuu habari. Mimi nipo Dar ila nimeishi Chake miaka miwili. Hakuna aliyetaja tetemeko. Mnakumbuka Agosti 2020 lile tetemeko la Pemba lililotikisa mpaka huku kwetu? Ardhi ikishatikiswa inapata nyufa, mvua za miaka inayofuata zinaingia humo. Halafu Pemba imekaa juu ya mipasuko mikubwa, ndo maana kampuni za mafuta zilichimba huko zamani.

#20 Jiwe Hai

Mkuu karibu. Tetemeko la tarehe 12 Agosti 2020 halikuwa la Pemba, lilitokea baharini karibu na Dar, ukubwa wake kama 6, likasikika mpaka Zanzibar. Kinyume na ulivyosema, nyie ndio mlotutikisa.

Mipasuko kweli ipo. Pemba ni kipande kilichonyanyuka baina ya mipasuko, ndio mana mkondo baina yake na Bara una kina cha zaidi ya mita 800, wakati ule wa Unguja hata mita 100 haufiki. Zama za barafu, miaka kama 20,000 nyuma, bahari ilishuka karibu mita 120, Unguja ikaungana na Bara unaenda kwa miguu, Pemba ikabaki kisiwa. Ndio mana Unguja kulikuwa na chui na Pemba hapana. Na ndio mana Tundauwa mafuta yanachuruzika yenyewe, na BP na Shell walichimba visima miaka ya 1950 na 1960.

Ila kusema gema la Gando limeanguka kwa tetemeko la miaka yote hio nyuma, sijui. Ufa wa zamani unaweza kuwepo, siwezi kukataa, lakini mie ningeanza na maji.

#21 chumvi_kidogo

Yaani sisi Wapemba hatukuungana na Bara hata zama za barafu 😂 Hii ntaitumia.

#22 mkazi wa Bara

Asante kwa masahihisho mkuu. Chui nimewakubali.

#23 Kijana wa Kizimkazi

Mie naona mnatia watu hofu bure. Kwetu Dimbani msikiti uko karibu na bahari pale na maandishi yake yanasema mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Miaka 900 na ushee. Mbona haujaanguka? Bahari kama inapanda na kula kila siku ungebaki?

#24 Mchokoapweza

Kijana msikiti wenu ni fahari yetu sote lakini jengo hilo lilijengwa upya karne ya 18, kilichobaki cha zamani hasa ni kibla na yale maandishi. Na pia uko juu ya jiwe, sio mfinyanzi. Ukiwa na bahati ya jiwe usimcheke wa udongo.

#25 Kijana wa Kizimkazi

Sawa, lakini mahala ni pale pale. Jengo lilibadilishwa, pwani haikuhama.

#26 Mchokoapweza

Hapo umenipata kidogo.

#27 Jiwe Hai

Kuhusu bahari kupanda maana imetajwa kwenye post ya kwanza: ni kweli inapanda, dunia nzima kama sentimita 20 tangu 1900, na sasa kasi ni kama milimita 3 hadi 4 kwa mwaka. Nimeona mtu kwenye grupu la WhatsApp anasema sentimita 3 kwa mwaka, hapana, hesabu hio tungekuwa tunavulia Darajani. Ukipiga na upana wa bamvua wetu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, karibu mita 4 baina ya kujaa na kupwa, unaona ni kidogo. Lakini ni kidogo kinachokaa juu ya kile kikubwa, maana yake maji ya bamvua yanafika pahala yalipokuwa hayafiki, mara nyingi zaidi. Walioathirika hawahitaji kuelezwa na mie, waulizeni wa Kisiwa Panza na wa bonde la Tovuni mashamba yao ya mpunga yamekuwaje na chumvi.

Tena Nahodha, jambo moja linanitatiza na nadharia ya mchanga: upande wa magharibi hauna wimbi kubwa la bahari kuu. Kuna visiwa, kuna mikoko, kusi inapita mgongoni. Gema la upande huo linaliwa na nini kama sio maji yake ya ndani?

#28 Nahodha Mstaafu

Mikoko ipi? Nenda kaihesabu halafu urudi. Boriti za nyumba zenu na kuni za matanuri ya chokaa mnadhani zilitoka wapi?

#29 Bi Mkubwa wa Chwaka

Nyote nimewasoma tangu asubuhi wajukuu zangu. Sina elimu ya mawe. Nataka kumsemea huyo ami wa mleta uzi maana mmempita kama hayupo.

Kwetu ukingo wa bahari ulikuwa na wenyewe. Hukati mkadi pale, hukati mkungu, hufyeki, hujengi, hutupi taka, mbuzi hafungwi. Ukiuliza kwanini unaambiwa pana mzimu, basi. Mimi sisemi mzimu umeangusha gema, Mungu ndie mwenye nguvu. Nasema pale palipokuwa na mzimu pana miti, na penye miti udongo umeshikwa. Mkadi mizizi yake mnaijua, inakuja kutoka juu kama magongo inajikita. Watu wakaacha kuogopa, wakasafisha, waone bahari vizuri. Mjukuu, babu yako alipanda minazi hapo, na kabla ya minazi palikuwa na nini?

#30 Mtoto wa Gando

Shikamoo bibi. Nimempigia simu ami kumuuliza swali lako. Kasema palikuwa na mikadi na kichaka cha miba, babu alikifyeka mwenyewe alipooa ajenge. Na kasema kuna mzee mmoja alimkataza, babu akamwambia "mizimu haili nazi".

Sijui nicheke au nilie.

#31 fundi_karo

Mnazi mizizi yake mingi lakini haina mzizi mkuu wa kwenda chini, kama ufagio. Inashika fungu lake tu. Likiondoka fungu linaondoka na mnazi.

#32 Bamvua

Nimerudi. Sasa suala la kupwa, msinikatize.

Maji yakijaa, bahari inaegemea gema kwa nje, kama mtu anaezuia mlango kwa bega. Na baadhi ya maji yanaingia ndani ya udongo wa chini. Bamvua likikupwa linakupwa haraka, saa sita tu mita 4 zimeondoka. Bega limetoka mlangoni. Ila maji yalioingia ndani ya mfinyanzi hayatoki kwa saa sita, yamebaki na uzito wake na msukumo wake. Kwahio saa mbaya kwa gema la udongo sio maji yakijaa, ni yakishakupwa. Hili sikulitoa kichwani, nimefanya kibarua kwenye ujenzi wa gati, injinia alikuwa anatukataza kuchimba karibu na ukingo wakati maji yanashuka, kingo zilikuwa zinamomonyoka muda ule ule. Juzi Jumanne ilikuwa siku ya pili ya mwezi mpevu, tazameni kalenda. Bamvua.

#33 Mzuka wa Darajani

Kwahio umejitaja mwenyewe ndio muuaji. Kesi imefungwa.

#34 Jiwe Hai

Bamvua hio hoja nzito na inajulikana hata kwenye mabwawa, ukishusha maji haraka kingo zinaanguka. Nakupa. Lakini sehemu ilioteleza kwa Gando ni kwenye mpaka wa mwekundu na kijivu. Gando, mpaka huo maji ya kujaa yanaufikia?

#35 Mtoto wa Gando

Ya kawaida hayafiki. Ya bamvua kubwa yanalamba chini ya kijivu, kimo cha goti. Ule mpaka uko juu ya kichwa changu.

#36 Jiwe Hai

Basi bega la Bamvua linazuia nusu ya chini ya mlango tu.

#37 Bamvua

Mlango ukizuiwa chini haufunguki juu. Jaribu nyumbani.

#38 Mchokoapweza

🤣🤣 huyu mtu

#39 mkazi wa Bara

Nje ya mada kidogo, kwahiyo Beit al Ajaib, lile jumba la Mji Mkongwe lililoporomoka Disemba 2020, nalo ni mawe haya haya ya matumbawe?

#40 Mpemba Ughaibuni

Ndio, mawe ya matumbawe. Lakini hilo ni la matunzo, usilichanganye na gema. Wawili walifariki pale, Mungu awarehemu.

#41 Jiwe Hai

Gando tuachane na ubishi kwanza. Nenda sasa hivi katazame ardhi baina ya jiko na ukingo mpya. Kuna ufa wenye umbo la mwezi mchanga, ncha zake zinatazama baharini? Kama upo, pigilia vijiti viwili viwili, kimoja upande huu kimoja ule, pima baina yao kwa futi ya fundi na uandike, asubuhi na jioni. Zibeni ufa kwa udongo uliopondwa mvua isiingie humo. Maji ya karo yahamisheni, na mama asilale chumba cha nyuma.

#42 fundi_karo

Na mtaro juu ya uwa, wa kukinga maji ya paa yasishuke huko nyuma. Paa la bati linamwaga maji mengi kuliko unavyodhani. Usimwage zege ukingoni, unaongeza mzigo. Nitumie PM, karo sitakutoza kazi, utalipa nauli ya boti na saruji tu.

#43 Mtoto wa Gando

Allah akulipe fundi. Ufa upo. Nilikuwa naupita kila siku nikidhani ni njia ya siafu. Unaanzia kwenye mnazi unapinda unarudi karibu na karo. Kidole changu cha shahada kinaingia mpaka fundo la pili. Nimepigilia jozi nne.

#44 Nahodha Mstaafu

Na huo mchanga?

#45 Jiwe Hai

Nahodha mchanga sikuukana. Chini ukiwa umewekewa mzigo kipande hakitelezi kirahisi, mguu wake umeshikwa. Nimesema tu sio peke yake.

#46 Nahodha Mstaafu

Hakuna alosema peke yake ila wewe na maji yako.

#47 Mtoto wa Gando

Siku ya tisa, narudi na hesabu. Jozi ya kwanza ya mnazini haijasogea. Ya pili imefunguka nusu sentimita. Ya tatu sentimita 1 na nusu, na hio ndio ya karibu na karo, fundi cheka. Lakini hizo zote zilisogea siku mbili baada ya ile mvua ya usiku wa Alhamisi, Jiwe Hai cheka na wewe. Na nilizikuta zimesogea asubuhi ya kupwa, jioni yake maji yalipojaa hazikusogea, Bamvua sijui useme nini. Ami kaja kupanda mikadi kumi na tatu, hakusema kitu, kapanda tu akaondoka.

Mama kahamia kwa dada. Mbuzi hataki kupanda juu, amehamia pwani moja kwa moja.

#48 Bamvua

Nasema asante.

#49 Jiwe Hai

Siku tisa hazitoshi kwa lolote. Endelea mpaka bamvua mbili zijazo. Jozi ya nne je?

#50 Mtoto wa Gando

Ya nne kijiti cha upande wa bahari sikukiona. Nilidhani watoto wamekichukua. Ngoja nikatazame na tochi.

#51 mkazi wa Bara

Wakuu samahani, hicho kiwanja cha juu ya bahari kwa hali hii wanaweza kuuza bei gani?